Maswali ya Wasomaji: Bingwa wa Homurani Hupatikanaje?

Jedwali la wapigaji bora wa msimu wa 2025 wa Ligi Kuu ya Besiboli, ile inayochezwa Marekani na Kanada, limetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Katika jedwali hilo Cal Raleigh wa Seattle Mariners aliongoza kwa homurani 60, akifuatwa na Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies mwenye 56, Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers mwenye 55 na Aaron Judge wa New York Yankees mwenye 53. Kwa wasomaji wageni wa mchezo huu, homurani ni pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani bila msaada wa kosa la wapinzani, na mara nyingi hutokea kwa sababu mpira umevuka uzio wa uwanja. Barua zilizofanana tumeziunganisha kuwa swali moja.

Swali: Nimesoma kwamba mwaka 1997 Mark McGwire alipiga homurani 58 na hakuna mchezaji mwingine aliyemfikia. Hata hivyo, katika orodha ya mabingwa wa mwaka huo jina lake halimo. Je, ni kosa la uchapaji?

Jibu: Si kosa. Ligi Kuu ni muungano wa ligi mbili zilizoanza kila moja kivyake: Ligi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1876, na Ligi ya Amerika, ambayo ilijitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901. Mpaka leo kila moja humtambua bingwa wake wa homurani, na mapigo ya mchezaji aliyehama kutoka ligi moja kwenda nyingine katikati ya msimu hayaunganishwi katika kuamua taji hilo. McGwire alipiga 34 akiwa na Oakland Athletics ya Ligi ya Amerika, kisha Julai ilipokuwa ikiisha akahamishiwa St. Louis Cardinals ya Ligi ya Taifa, ambako alipiga nyingine 24. Taji la Ligi ya Amerika likachukuliwa na Ken Griffey Jr. kwa homurani 56, na la Ligi ya Taifa likaenda kwa Larry Walker wa Colorado Rockies, aliyekuwa na 49 tu. Mtu aliyewazidi wote wawili akatoka mikono mitupu.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki zamani, kwa kuwa timu za ligi hizo mbili hazikukutana katika msimu wa kawaida. Wapigaji wa upande mmoja hawakuwakabili warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira, wa upande wa pili isipokuwa katika fainali na michezo isiyohesabiwa katika msimu. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka huohuo wa 1997 ndipo michezo ya msimu wa kawaida kati ya ligi hizo ilipoanza. Tangu 2023 kila timu hukutana na nyingine zote kila msimu, na sababu ya kutenganisha mataji imebaki kuwa desturi zaidi kuliko haki. Kwa maoni yangu, msomaji wa leo aanze na orodha ya jumla ndipo aangalie mataji ya ligi. Eugenio Suárez, kwa mfano, alimaliza msimu wa 2025 akiwa na homurani 49, lakini 36 alizipiga Arizona katika Ligi ya Taifa na 13 Seattle katika Ligi ya Amerika. Ukitazama orodha za ligi peke yake, utadhani alikuwa na msimu wa kawaida tu.

Anayehama baada ya msimu kuisha hapati tatizo hilo. Ohtani aliongoza Ligi ya Amerika mwaka 2023 kwa homurani 44 akiwa na Los Angeles Angels, akajiunga na Dodgers, na mwaka uliofuata akaongoza Ligi ya Taifa kwa 54.

Swali: Je, ni lazima mpira uvuke uzio ndipo pigo lihesabiwe?

Jibu: Hapana. Mpira ukibaki ndani na mpigaji akawahi kuzunguka vituo vyote kabla wapinzani hawajamtoa, hiyo ni homurani kamili. Leo ni nadra, lakini mwaka 1909 Ty Cobb wa Detroit aliongoza Ligi ya Amerika kwa homurani tisa, na zote tisa alizipata kwa miguu yake, bila hata mpira mmoja kuvuka uzio. Mpira unaogonga mlingoti ulio kwenye mstari wa pembeni nao huhesabiwa. Ule unaodunda chini kwanza ndipo ukavuka humpa mpigaji vituo viwili tu, ingawa kabla ya miaka ya 1930 huo pia ulikuwa homurani.

Kisichofanana ni viwanja. Kanuni haziweki umbali mmoja wa uzio kwa timu zote. Katika uwanja wa Fenway, Boston, ukuta wa kushoto uko takribani mita 94 tu kutoka kituo cha nyumbani, lakini una kimo cha zaidi ya mita 11, hivyo mpira wa juu unaodakwa kwa urahisi kwingineko huweza kuwa homurani pale, huku ule wa kasi unaokwenda chini kidogo ukigonga ukuta na kurudi. Denver iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,600, na hewa yake nyepesi huuruhusu mpira kwenda mbali zaidi. Kwa sababu hiyo, tangu 2002 mipira ya uwanja ule huhifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu uliodhibitiwa, ili isikauke na kuruka kupita kiasi.

Swali: Kabla ya 1920 bingwa aliweza kuwa na homurani 9 au 10. Ghafla Babe Ruth akapiga 54. Je, wapigaji wa zamani walikuwa dhaifu kiasi hicho?

Jibu: Hawakuwa dhaifu, walicheza mchezo wenye masharti mengine. Mpira mmoja uliweza kutumika karibu mchezo mzima, ukachakaa, ukalainika na kuwa mweusi kwa matope na mate ya tumbaku. Mrushaji aliruhusiwa kuupaka mate au kuukwaruza ili upinde njiani. Viwanja vingi vilikuwa vipana mno upande wa nyuma, na makocha walifundisha kupiga mipira mifupi inayopita katikati ya wachezaji, kisha kuiba vituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo. Frank Baker wa Philadelphia Athletics aliongoza au kugawana uongozi wa Ligi ya Amerika miaka minne mfululizo, kuanzia 1911 hadi 1914, kwa homurani 11, 10, 12 na 9, na watu wa wakati wake wakampa jina la utani la Baker wa Homurani bila kejeli yoyote.

Mambo mawili ya mwaka 1920 yalibadilisha hali hiyo. Kabla ya msimu kuanza, upakaji wa mate na uchafu mwingine ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa warushaji wachache waliokuwa wakiutegemea, ambao waliruhusiwa kuendelea. Kisha mwezi Agosti, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays wa Yankees, akafariki siku iliyofuata. Ilisemekana kwamba huenda hakuuona mpira huo uliokuwa umechafuka. Baada ya hapo waamuzi walianza kubadilisha mipira mara kwa mara, na mpigaji akapata kitu cheupe na kigumu cha kukipiga.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke na dhana kwamba kanuni ndizo zilizomtengeneza Ruth. Mwaka 1919, chini ya masharti yaleyale ya zamani na akiwa bado mrushaji wa Boston Red Sox, tayari alikuwa amevunja rekodi kwa homurani 29. Alilishika gongo karibu kabisa na mwisho wa mpini na kulipeleka juu kwa nguvu zake zote, akiwa radhi kuukosa mpira mara nyingi ili aupate vizuri mara chache. Alipouzwa kwa Yankees akapiga 54 mwaka 1920, wa pili katika ligi, George Sisler wa St. Louis Browns, alikuwa na 19. Hakuna timu nyingine ya Ligi ya Amerika iliyofikisha 54 kwa wachezaji wake wote kwa pamoja. Sijaona pengo la aina hiyo likirudi tangu enzi ya Ruth, hata katika misimu iliyovunja rekodi zake.

Swali: Rekodi ya msimu mmoja ni ya nani hasa? Wengine husema 73, wengine 62, na mzee mmoja ninayemheshimu hushikilia 61.

Jibu: Rekodi rasmi ni homurani 73 za Barry Bonds wa San Francisco Giants, alizozipiga mwaka 2001. Hilo halina ubishi katika vitabu. Ubishi uko katika kuamua zinastahili heshima gani, na kila namba uliyoitaja ina watetezi wake.

Namba 61 ni ya Roger Maris. Ruth alikuwa ameweka rekodi ya 60 mwaka 1927, msimu ulipokuwa na michezo 154. Mwaka 1961 Ligi ya Amerika iliongeza timu mbili na kurefusha msimu hadi michezo 162, na mwaka huohuo Maris na mwenzake wa Yankees, Mickey Mantle, wakaanza kuifukuza rekodi. Kamishna wa besiboli wakati huo, Ford Frick, aliyewahi kuwa rafiki wa Ruth, alitangaza kwamba atakayepita 60 baada ya mchezo wa 154 ataandikwa kando. Mantle aliugua akaishia 54. Maris alifika mchezo wa 154 akiwa na 59, na pigo la 61 likaja siku ya mwisho ya msimu, tarehe 1 Oktoba, katika kipindi cha nne, dhidi ya Tracy Stallard wa Boston. Mpira ulitua kwenye viti vya kulia, na pigo hilo ndilo lililokuwa alama pekee ya mchezo ulioisha 1–0. Uwanja wa Yankee, wenye nafasi ya zaidi ya watu 60,000, ulikuwa na watazamaji 23,154. Ndivyo tangazo la Frick lilivyokuwa limeipoza hamu ya watu. Utenganisho huo haukufutwa rasmi hadi 1991, miaka sita baada ya Maris kufariki.

Mwaka 1998 McGwire alipiga 70 na Sammy Sosa wa Chicago Cubs 66. Bonds akafuata na 73 zake. Hiyo ilikuwa enzi ya dawa za kuongeza misuli. Upimaji wenye adhabu ulianza 2004, na McGwire alikiri mwaka 2010 kwamba alizitumia. Bonds hajawahi kukiri kuzitumia kwa kujua, lakini waandishi wanaopiga kura ya kuwaingiza wachezaji katika Jumba la Mashujaa walimkataa kwa miaka yote kumi aliyokuwa kwenye karatasi zao. Kwa hiyo Judge alipopiga ya 62 tarehe 4 Oktoba 2022 huko Arlington, Texas, akiwa mpigaji wa kwanza kabisa wa mchezo wa pili wa siku ile, wengi walisema rekodi halisi imepata mwenyewe. Kwa vyovyote hiyo ni rekodi ya Ligi ya Amerika, maana waliomtangulia juu ya 62 wote walicheza Ligi ya Taifa.

Mimi nasimama na 73. Mapigo hayo yalipigwa, michezo ikaisha na matokeo hayakubadilishwa. Ukiziondoa homurani za Bonds itakupasa uulize pia warushaji waliomkabili walikuwa wametumia nini. Na ukianza kupima usafi wa enzi, hata 60 za Ruth haziponi, kwa sababu alizipiga katika ligi iliyowafungia mlango wachezaji weusi, na warushaji kadhaa bora wa nchi hawakuruhusiwa kusimama mbele yake. Ubaguzi huo ulivunjwa Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers mwezi Aprili 1947. Josh Gibson, mpigaji mwenye nguvu kuliko wote katika ligi za weusi, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, na takwimu za ligi hizo hazikuingizwa katika kumbukumbu rasmi za Ligi Kuu mpaka 2024.

Swali: Je, anayeongoza kwa homurani ndiye mpigaji bora wa msimu?

Jibu: Mara nyingine ndiye, mara nyingine ni mbali kabisa. Mwaka 2012 Miguel Cabrera wa Detroit aliongoza Ligi ya Amerika kwa homurani 44, kwa wastani wa kupiga wa .330, yaani mapigo yaliyofanikiwa 33 hivi katika kila zamu 100 zilizohesabiwa, na kwa mikimbio (alama) 139 aliyoileta nyumbani, mataji matatu kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1967. Kwa upande mwingine, Dave Kingman wa New York Mets aliongoza Ligi ya Taifa mwaka 1982 kwa homurani 37 huku wastani wake ukiwa .204, yaani takribani mara nne kati ya kila tano alizohesabiwa zamu alirudi bila kitu. Schwarber alipoongoza ligi hiyohiyo kwa 46 mwaka 2022, alitolewa kwa kukosa mipira mara 200.

Kuna pia walio bora ambao taji liliwapitia kando. Hank Aaron alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na homurani 755, lakini hakuwahi kufikisha 50 katika msimu wowote. Alipopiga 47 mwaka 1971, idadi yake kubwa kuliko zote, Willie Stargell wa Pittsburgh alipiga 48. Sosa naye alipita 60 mara tatu, mwaka 1998, 1999 na 2001, na mara zote tatu hakuongoza ligi. Aliongoza mwaka 2000 kwa 50 na mwaka 2002 kwa 49. Bonds mwenyewe, mwenye 762 katika maisha yake yote, aliongoza ligi misimu miwili tu, 1993 na 2001. Sababu moja ni kwamba wapinzani walichoka naye: mwaka 2004 walimpa kituo cha kwanza bure kwa makusudi mara 120, na asiyerushiwa mpira wa kupigika hawezi kuupeleka nje.

Kuhusu Raleigh, ninaziona 60 zake kuwa na uzito wa pekee kwa sababu yeye ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, kazi inayochosha magoti na kuumiza vidole. Rekodi ya wadakaji kabla yake ilikuwa 48 za Salvador Perez mwaka 2021. Tena hupiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto, na kwa wapigaji wa aina hiyo zile 54 za Mantle za 1961 zilikuwa hazijapitwa na yeyote.

Swali: Ifikapo Mei magazeti huanza kuandika kwamba fulani yuko kwenye mwendo wa homurani 60. Tuamini?

Jibu: Hesabu yenyewe ni sahihi: mwenye 15 katika michezo 40 atafikisha 60 katika michezo 162 akiendelea vilevile. Tatizo ni hayo maneno ya mwisho. Warushaji humsoma, majeraha huja, na miezi ya mwisho humkuta amechoka. Afadhali mtu asubiri Agosti ndipo aanze kuhesabu.

Hata Agosti haina dhamana. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji waligoma na msimu haukurudi. Matt Williams wa San Francisco alikuwa na homurani 43 timu yake ikiwa imecheza michezo 115, mwendo unaomfikisha 60 na ushei, na Griffey alikuwa na 40. Mataji wakapewa, rekodi wakaikosa. Msimu wa 2020, uliokatwa hadi michezo 60 kwa sababu ya Uviko, Luke Voit wa Yankees aliongoza Ligi Kuu nzima kwa 22.

Swali: Vipi kuhusu Japani? Nimesikia kwamba rekodi ya huko ililindwa kwa hila.

Jibu: Rekodi hiyo ilikuwa 55, aliyoiweka Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants mwaka 1964. Oh aliongoza ligi yake misimu 13 mfululizo na kumaliza na homurani 868, na baadaye akawa kocha. Mwaka 1985 Mmarekani Randy Bass wa Hanshin alifika mchezo wa mwisho akiwa na 54, dhidi ya Giants waliokuwa chini ya Oh, na warushaji wao wakampa kituo cha kwanza bure mara nne. Tuffy Rhodes mwaka 2001 na Alex Cabrera mwaka 2002 walifikia 55 kisha wakakwepwa vilevile walipokutana na timu nyingine aliyokuwa akiinoa Oh wakati huo. Yeye alikana kutoa amri hiyo, na inawezekana kabisa wasaidizi wake waliifanya kwa heshima yao kwake. Lakini mpigaji asiyepewa mpira haulizi amri imetoka wapi. Mwaka 2013 Wladimir Balentien wa Yakult, mzaliwa wa Curaçao, aliipita na kufika 60. Munetaka Murakami, naye wa Yakult, akapiga ya 56 katika zamu yake ya mwisho ya msimu wa 2022, na hakuna Mjapani aliyewahi kupiga nyingi kuliko hizo katika msimu mmoja wa ligi hiyo.

Swali: Wawili wakilingana nani hupewa taji, na je, homurani za mtoano huongezwa?

Jibu: Wakilingana wote wawili ni mabingwa, hakuna kigezo cha pili cha kuwatenganisha. Mwaka 2021 Perez na Vladimir Guerrero Jr. wa Toronto waligawana taji la Ligi ya Amerika kwa homurani 48 kila mmoja. Homurani za mtoano haziongezwi kamwe, kwa kuwa si timu zote zinazofika huko. Zina orodha yake ya pekee, ambayo tutaichapisha katika toleo lijalo.